Waziri Jikoni na Mtu Aliyeinama

Mmeniuliza mmoja mmoja kwa nini sikuonekana kwenye maombi ya Alhamisi, na kila mmoja nimempa kipande chake. Sikutaka kudanganya, nilikuwa tu nimechoka. Mama Wangari anajua habari ya mvua. Dada Esther anajua nilikula kwa Wasalvador. Sasa nasikia mmeviunganisha vipande na mimi nimetoka shujaa, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Kwa hiyo naandika. Shule yangu mnaijua, iliishia darasa la nane kule Molo, na cheti cha kuhudumia wagonjwa nilikipata huku Marekani nikiwa mtu mzima. Nikipotea mahali mtanisamehe.

Kilichonitoa nyumbani ni hiki. Mzee ninayemhudumia hapa Wheaton, Bwana Pruitt, ana miaka themanini na minne, na maisha yake yote amekusanya picha za dhihaka za Waingereza wa zamani, zilizochapwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Ni kama katuni za gazeti, ila zilichongwa kwenye bamba la shaba, zikachapwa, halafu zikapakwa rangi kwa mkono. Mawaziri wenye matumbo kama mapipa, mabibi wenye nywele za bandia zinazogonga dari. Anazo mia mbili na kitu, zimelala kwenye masanduku bapa chini ya kitanda na nyuma ya kochi.

Macho yake yamekufa katikati. Anaona pembeni tu, kama mtu anayechungulia kando ya nguzo. Kwa hiyo kwa miaka miwili, baada ya chai ya saa nne, mimi hushika kioo cha kukuzia nikamweleza picha kuanzia pembe ya juu kushoto, naye huniambia cha kuandika kwenye kadi. Kadi zikikamilika, picha zote zitakwenda pamoja kwenye maktaba, zisitawanywe akifa. Sharti lake ni moja: "Sema unachokiona, Rachel. Usiseme unachofikiri."

Wakati wa baridi alibadilishana picha na Bi. Odell wa Manassas, rafiki yake wa miaka arobaini katika mambo haya. Yeye alitoa mabibi wa nywele, naye Bi. Odell akamtumia picha ya waziri aliye jikoni akipika kodi kwenye sufuria. Nilimsomea picha ile, tukaandika kadi. Wiki hiyohiyo wazee hao walizungumza kwa simu mimi nikiwa dukani, na niliporudi nilimkuta Mzee amegeukia ukuta.

"Amenitumia toleo la pili," aliniambia. "Tulikubaliana la kwanza. Ameona sioni, akanipa la pili."

Nilidhani ni mambo ya karatasi, nikanyamaza. Hawakuzungumza tena tangu siku hiyo. Mwezi wa tatu akaniomba niirudishe ile picha kwa mkono wangu. Hakutaka irushwerushwe kwenye magari ya vifurushi, na alitaka ipitie kwanza Herndon, kwa fundi wa karatasi, iwekewe fremu mpya ya kadibodi, ili Bi. Odell asije kusema tuliichafua. Mpwa wake alikuja kukaa naye. Mimi nikaondoka.

Wheaton hadi mjini

Nilishuka zile ngazi za umeme ndefu za kituo cha treni nikiwa nimekumbatia jalada pana la kadibodi kama mtu aliyebeba mlango. Watu walinipisha kwa adabu, hilo nalisema wazi, maana huwa tunawasema vibaya. Kijana mmoja aliniuliza kama ni pitsa.

Kwenye treni simu yangu ililia. Alikuwa binti yangu Chebet, nikamjibu kwa Kiswahili, yeye akaendelea na Kiingereza chake kama kawaida. Nilipokata, baba mmoja aliyekaa mbele yangu akasogea.

"Jambo, mama. Weye njo wa wapi?"

"Kenya. Na wewe?"

"Mimi wa Bukavu. Nilisikia luga, nikafurahi. Iko nini mu ile karto? Iko tablo?"

Nikamwambia ndiyo, picha ya zamani sana, ya Waingereza.

"Fungua kidogo niangalie."

Nikasema haiwezekani, kuna maji maji nje. Na kweli kulikuwa na mvua, lakini sisi tulikuwa ndani. Aliniangalia, akaangalia dirisha, akacheka.

"Kama mama anaficha, basi iko ya haya. Na kama iko ya haya, njo iko ya muzuri."

Watu wawili walicheka ingawa sidhani walielewa. Mimi nilihisi joto shingoni. Alishuka mjini akanitakia safari njema, na sikumjibu vizuri. Namwomba radhi hapa, ingawa hatasoma.

Chini ya mto

Nilibadilisha treni. Tukiwa kwenye handaki chini ya mto tulisimama, taa zikapungua, sauti ikasema kuna abiria ameugua mbele. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Tulikaa pale muda mrefu kiasi kwamba mama mmoja aliyekuwa na mfuko wa machungwa alianza kuyamenya na kuyagawa kwa majirani. Nilikula langu nikiwa nimenyoosha mikono mbali na jalada, juisi ikanichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Pale ndipo nilipoanza kuifikiria ile siku ya kadi. Ngoja niieleze ilivyo, maana kila kitu kimetoka hapo.

Kwenye picha, waziri anapika. Kushoto kuna mlango, paka, na kapu la samaki. Kulia, chini ya meza, kuna mtu aliyeinama. Suruali yake imeshuka hadi magotini, na makalio yake yameelekezwa kwenye sufuria ya waziri, na kuna mistari midogo ya kuonyesha upepo. Naandika neno makalio kwa sababu ninyi ni wanawake wenzangu. Mzee ana umri wa baba yangu. Nilifika pale na kioo, mdomo ukakwama.

"Kuna mtu ameinama," nilisema.

"Ameinama vipi?"

"Ameinama tu, Mzee. Kama anaokota kitu."

"Koti lake limeshuka nyuma? Limemfunika?"

Nami nikasema, "Ndiyo. Amejisitiri."

Nikaandika hivyo kwenye kadi kwa mkono wangu. Halafu nikaenda kupasha uji.

Herndon

Fundi wa karatasi, Bwana Teague, anafanyia kazi kwenye gereji nyuma ya nyumba yake. Nilivua viatu mlangoni, yeye akaniambia nisivue, nikavaa, halafu nikaona yeye mwenyewe yuko na soksi, nikavua tena. Tulipoteza dakika kadhaa hapo. Alinipa supu ya dengu, akailinda picha isipatwe na supu kwa kuniweka mimi pembe moja ya chumba na picha pembe nyingine.

Alifungua jalada, akaitazama, akapiga mluzi. Kisha akasoma kadi iliyokuwa pamoja nayo. Akaitazama picha tena.

"Kadi hii ni ya picha nyingine," alisema.

"Ni ya hiyohiyo."

"Hapana. Kadi inasema huyu jamaa amefunikwa. Huyu hajafunikwa hata uzi." Aliona uso wangu, akadhani sijui, akanieleza kwa upole. Bamba mwanzoni lilichongwa hivi, makalio nje. Nakala chache zikatoka. Halafu mwenye duka akaogopa, au mke wake akalalamika, nani ajuaye, akamrudisha mchongaji akaongeza mkia wa koti juu ya yule mtu. Nakala nyingi zilizobaki duniani zina koti. "Wanaita toleo la pili. Wewe una la kwanza. Ni watu wachache wanalo. Nani aliandika kadi hii?"

Kijiko kilikuwa mdomoni. Nilikishusha.

"Ni mimi," nikasema.

Hakucheka, na kwa hilo namshukuru. Alisema tu, "Basi umefanya kazi ya yule mchongaji," akarudi kwenye kadibodi zake.

Nilikaa na ile supu hadi ikapoa. Hebu fikirini. Bi. Odell alitimiza ahadi. Alitoa kilicho bora. Na kwa neno langu moja Mzee alimwita mwizi, kwa kuwa hana macho mengine isipokuwa yangu.

Herndon hadi Manassas

Salim ni Mtanzania wa Tanga, huwapeleka wazee hospitali kwa gari lake, na Dada Esther ndiye aliyenipa namba yake. Alifika akiwa amechelewa, akasema foleni, na kweli mvua ilikuwa imefunga barabara. Halafu akapotea njia kwa sababu ya matengenezo. Halafu akaegesha nyuma ya duka la matairi.

"Dada yangu, uniwie radhi, alasiri imeniingilia. Dakika chache tu."

Alitandaza mkeka nyuma ya gari chini ya kibanda, akaswali. Mimi nilibaki na jalada magotini. Nami nilijaribu kuomba, lakini kila nilipofumba macho nilimwona yule mtu aliyeinama, nikayafumbua.

Aliporudi aliniuliza mbona nimenuna kama nimefiwa. Nikamweleza yote. Sikudhani ningemweleza mwanamume, tena mgeni. Alicheka hadi akapunguza mwendo.

"Yaani nyinyi watu wa bara! Mnatusema sisi wa pwani kwa maneno ya mzunguko, kumbe na nyinyi mnayo ya kwenu."

"Usicheke, Salim. Watu wamekosana."

"Sicheki hao, nacheka koti." Akaongeza mwendo tena. "Lakini nikuulize, dada. Huyo Mzee unamwogesha?"

"Kila siku."

"Na hapo huoni haya?"

"Hapo ni kazi ya mikono. Sisemi kitu. Nazungumza habari za mvua."

"Ehe," alisema. "Mikono yako haina haya, mdomo ndio una haya. Na yeye mikono haimsaidii kuona."

Sikupenda alivyosema. Nilimwambia hivyo. Akasema samahani, lakini hakulirudisha neno lake, na nilipolipima baadaye sikuona kosa ndani yake.

Tuliingia Manassas na njaa. Alinipeleka kwa Wasalvador karibu na reli, tukala ile mikate yao minene ya mahindi iliyojazwa jibini na maharagwe, na kabichi ya siki juu. Mama wa pale aliona jalada, akaniletea kiti cha tatu cha kuliweka, kama mgeni. Salim aliagiza bila nyama na akamuuliza maswali matatu kuhusu mafuta, na yule mama alimjibu yote matatu bila kukasirika.

Nikiwa mezani nilimpigia Chebet nimwombe neno zuri la Kiingereza la jambo lile, neno ambalo mtu anaweza kulisema mbele ya bibi wa miaka themanini. Alinitaka nirudie. Kisha akauliza nimelazwa hospitali gani.

Manassas

Nilimtarajia Bi. Odell mrefu, sijui kwa nini. Ni mfupi, na amekonda sana. Ana mrija wa hewa puani, unaokwenda hadi kwenye mashine inayokoroma nyuma ya kiti. Sweta yake ilikuwa imefungwa kifungo kimoja pembeni. Mimi kazi yangu ni hiyo, nikamjua alivyo tangu mlangoni.

"Umeniletea takataka yangu," alisema.

"Hapana, mama. Nimekuletea kosa langu."

Niliifungua picha mezani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye gari, yote yakanitoka. Nilimwonyesha kadi kwa kidole. Alivaa miwani akasoma, akasoma tena, akanitazama juu ya miwani.

"Amejisitiri," alisema. "Nani amejisitiri?"

"Hakuna. Mzee aliniuliza nikaona aibu. Hakukudhulumu wewe, na wewe hukumdhulumu. Ni mimi niliyemvika huyu mtu koti."

Alicheka. Alicheka hadi kikohozi kikamkamata na mimi nikamshika mgongo, na mashine ikalia. Alipotulia hakuwa akicheka tena.

"Unajua ni siku ngapi nimekaa hapa nikijiuliza nilimkosea nini?" alisema. "Niliona labda kweli nimechanganya. Mtu wa umri wangu huamini kwamba amechanganya. Nilitoa kila kitu kwenye droo, nikahesabu, nikajiona nimeanza kupotea akili."

Nilimwambia pole, neno ambalo halina mwenzake kwa Kiingereza, kwa hiyo nililisema kwa Kiswahili, na nadhani lilifika.

Alinielekeza kwenye droo. Nikatoa picha nyingine, waziri yuleyule, sufuria ileile, na yule mtu ana koti. "Nilikuwa nazo mbili," alisema. "Hii ndiyo niliyobaki nayo, na yeye akishikilia kwamba nimempa ya koti."

Nilimsihi ampigie Mzee simu palepale. Alikataa. "Jambo hili liliharibiwa na simu. Wewe umelifanya, wewe ulifungue, mbele yake." Ilikuwa haki.

Treni za kurudi mjini hupita asubuhi tu, kwa hiyo nililala kwenye kochi lake. Kabla ya hapo nilimpikia mayai na mkate, akala nusu. Nilifungua sweta nikaifunga upya. Akanishika mkono.

"Usimwambie habari ya mrija huu. Mwambie ni mzima."

Mnajua ningesema nini siku nyingine yoyote. Kwetu mtu akiuliza hali, mgonjwa yuko salama hata akiwa kaburini mguu mmoja. Ningesema ndiyo, mama, na tungelala kwa amani.

"Siwezi kuahidi hilo," nilisema. "Nimetoka leo kuungama kufunika, nitafunika tena kesho?"

Alitazama mashine muda mrefu.

"Basi akiuliza, mwambie. Asipouliza, usimwambie. Sitaki aje kwangu kwa huruma. Nataka aulize mwenyewe."

Nikakubali hilo. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kukubali, lakini nilikubali.

Kurudi

Treni ya asubuhi ilijaa watu wa ofisi waliolala wameegemea madirisha. Picha ilikuwa magotini mwangu, maana Bi. Odell alisema ni ya Mzee, kubadilishana ni kubadilishana. Hakukuwa na kuchelewa. Ningependa kungekuwa na kuchelewa.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake, mpwa amekwisha kuondoka. Aliusikia mlango, akauliza, "Ameipokea?"

Nikasema nimerudi nayo. Nikavuta meza, nikaifungua, nikachukua kioo, na bila kumwomba ruhusa nikaanza kumsomea upya. Mlango. Paka. Kapu la samaki, samaki sita. Nilipofika chini ya meza nilitazama ukuta, nikasema yote, suruali, magoti, makalio, upepo na unakoelekea. Nikamwambia hakuna koti, halijawahi kuwapo, na kwamba siku ile nilidanganya.

Aligeuza uso pembeni kuelekea picha. Kisha akasema, "Zipi nyingine ulizozifunika?"

"Ninazozikumbuka ni thelathini na saba. Huenda ni zaidi."

Alikasirika. Sitapunguza hilo. Aliniambia kwamba amekuwa akiniamini kuliko daktari, kwamba watu hawa walichorwa uchi ili wakubwa waonekane walivyo, nami nimepita sanduku kwa sanduku nikiwavisha wote nguo za kanisani. Alisema amemwita Odell mwizi. Nilisimama nikiwa na kioo mkononi, sikujitetea.

Halafu akadai kadi mpya. Aliniambia maneno, nikaandika. Aliniambia niongeze kwamba kadi ya kwanza ilikuwa na kosa, na la nani. Nikaandika jina langu. Nikamsomea. Akatikisa kichwa. Akaomba chai, nikamletea. Akaomba redio, nikaiwasha. Kila alipofungua mdomo nilidhani ndipo atakapomuulizia Bi. Odell, na haikuwa ndipo. Aliuliza kama mvua ilinipiga. Aliuliza fundi alitumia gundi gani. Nikaosha kikombe, nikakifuta, nikakiosha tena. Nilikwisha kuvaa koti langu nikielekea mlangoni nilipomsikia amezima redio.

"Rachel. Na yeye? Yukoje?"

Nilirudi nikakaa mbele yake, upande wa pembeni, pale anapoona kidogo.

"Amekonda," nikasema. "Ana mrija puani na mashine nyuma ya kiti. Hamalizi mayai. Mikono inamtetemeka akifunga vifungo. Alidhani ameanza kupotea akili, kwa ajili ya ile picha. Aliniambia nisikwambie mpaka uulize."

Alizungusha uso hadi akanipata kwa pembe ya jicho. Kisha akanyoosha mkono wake, kiganja juu, akausogeza hewani akitafuta.

"Nipigie namba yake," alisema, "halafu unipe simu."